Mdogo wangu anatoka damu baada ya mimba kuharibika: nikimpeleka hospitali nitakuwa nimempeleka jela?

*"Daktari, shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 21, anafanya kazi ya dagaa mwaloni Kayenze. Alikuwa na mimba ya kama miezi miwili na nusu. Jumamosi ilitoka. Leo ni Jumatano, damu haijakata, na jana usiku alitetemeka baridi wakati chumba kilikuwa na joto. Hataki hospitali. Jirani amemwambia akifika bila PF3, ile fomu ya polisi, wanaita polisi, na kwamba sasa sheria imekazwa, hata Marekani wamezuia. Wa duka la dawa amempa antibayotiki za siku tatu. Hajaniambia kama ilitoka yenyewe au alitumia kitu, nami sitaki kumlazimisha. Nimpeleke wapi, na je, nitakuwa nimempeleka jela?"*

Marahaba, dada. Nianze na swali lako la mwisho: hapana. Kumpeleka hospitali mtu anayetoka damu si kosa, na kumtibu si kosa. Mpeleke leo, hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Mtu anayetetemeka baridi siku ya nne huku damu bado inatoka, tunamhesabu kuwa ana maambukizi ndani ya kizazi hadi vipimo vioneshe vinginevyo, na maambukizi ya aina hiyo hayangoji kesho. Haya mengine utayasoma mkiwa njiani.

Kutoka Kayenze, anzeni na kituo chochote cha afya kilicho karibu ili awekewe dripu na apewe dozi ya kwanza ya dawa, kisha muende hospitali ya wilaya ya Ilemela au Sekou Toure mjini. Bugando kwa kawaida hupokea kwa rufaa, lakini mtu aliye katika hali ya dharura harudishwi mlangoni. Kama hamna usafiri, piga 115, namba ya m-mama. Haikatwi salio, nao hutafuta gari la wagonjwa au dereva aliyesajiliwa. Wasomaji wa Ukerewe wenye tatizo kama hili nao wasikilize: usilale nyumbani ukingoja meli ya asubuhi ya kwenda Mwanza. Nenda hospitali ya Nansio kwanza, kwa sababu hatua ya kwanza ya matibabu inafanyika hapohapo kisiwani. Walio upande wa Sengerema hawana tena foleni ya kivuko tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025.

Sasa nikueleze kwa nini nina haraka hivi, maana ukielewa kinachoendelea tumboni utaweza kumshawishi mwenyewe.

Kizazi ni msuli wenye umbo la mfuko. Mimba ikishatoka yote, msuli huo hujikunja kama ngumi na kubana mishipa ya damu iliyokuwa ikilisha kondo la nyuma. Kule kubanwa ndiko kunakokata damu. Kama vipande vya kondo vimebaki ndani, ngumi haifungi: mishipa inabaki wazi na damu inaendelea kutoka kidogo kidogo, au inakata kisha inarudi. Mlango wa kizazi nao unabaki umeachama, na bakteria wanaoishi ukeni bila kumdhuru mtu wanapata njia ya kupanda juu. Huko wanakuta nyama iliyokufa na damu iliyoganda, mahali pazuri kabisa pa kuzaliana.

Ndiyo maana vidonge vya dukani haviwezi kumponya peke yake. Antibayotiki husafiri ndani ya damu, na kipande cha kondo kilichokufa hakipitiwi na damu, kwa hiyo dawa hazikifikii. Homa inashuka siku moja au mbili, mnafurahi, kisha inarudi kwa nguvu na safari hii bakteria wameingia kwenye mzunguko wa damu. Hapo mapigo ya moyo yanaenda mbio, presha inashuka, mkojo unapungua, mtu anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Kutoka kwenye kutetemeka hadi hali hiyo kunaweza kupita siku moja tu. Aliyempa dawa hakuwa na nia mbaya, lakini dawa bila kusafishwa kizazi ni kupaka rangi ukuta unaovuja maji kwa ndani.

Kuna jambo jingine la kwetu huku ziwani. Malaria na kichocho vinawapunguzia wanawake wengi damu hata kabla ya kushika mimba. Mwanamke mwenye hemoglobini ya 12 akipoteza nusu lita ya damu atachoka tu, lakini aliyeanza na 7 au 8 akipoteza kiasi hichohicho anaweza kuzimia. Mfunue kope la chini umtazame ndani, kisha mwangalie ulimi na viganja. Kama vimepauka, mwambie mhudumu mara tu mnapofika ili kundi lake la damu lipimwe mapema.

Kuna hali ambazo ni za kukimbia hata saa nane za usiku: pedi kubwa mbili zinalowa kabisa ndani ya saa moja, na inakuwa hivyo saa mbili mfululizo, mabonge ya damu makubwa kuliko limau, joto la nyuzi 38 au zaidi, uchafu wenye harufu mbaya, kuzimia au kuona giza anaposimama, tumbo gumu kama ubao. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, hasa yakifuatana na maumivu ya bega, yana maana nyingine. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga kwenye mrija, nje ya kizazi. Damu inamwagika ndani ya tumbo huku inayoonekana nje ni kidogo, na kusafisha kizazi hakusaidii. Hiyo inahitaji ultrasaundi na upasuaji. Ndiyo sababu nyingine ya kutotibu jambo hili kwa kukisia.

Mkifika mapokezi, sema sentensi moja tu: "Mimba imeharibika siku ya nne, damu haijakata na ana homa." Hiyo inatosha kumpitisha mbele ya foleni. Atapimwa presha, mapigo, joto, wingi wa damu na malaria, atawekewa dripu, na antibayotiki zitapitishwa kwenye mshipa. Kisha daktari au mkunga atampima ndani kuona kama mlango wa kizazi uko wazi na kizazi kina ukubwa wa wiki ngapi.

Mimba ikiwa chini ya wiki 13, kizazi kinaweza kusafishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni vidonge vya misoprostoli, ambavyo mhudumu humpa mgonjwa ili kizazi kijikunje na kusukuma mabaki. Ni njia nzuri kwa mtu asiye na homa wala damu nyingi. Mdogo wako hayuko katika kundi hilo, kwa hiyo kwake itafaa ya pili: pampu ya mkono. Ni bomba kama sirinji kubwa ya mililita 60 lenye mrija laini wa plastiki unaopitishwa kwenye mlango wa kizazi, na mabaki yanafyonzwa. Kazi yenyewe huchukua kama dakika 5 hadi 15. Kukwangua kwa chuma, ambako mama zetu walikuogopa kwa haki, Shirika la Afya Duniani halikushauri tena mahali palipo na pampu, kwa sababu kunaumiza zaidi na kunaweza kuchuna au kutoboa ukuta wa kizazi.

Dawa ya maumivu ni sehemu ya matibabu, si upendeleo. Apewe diklofenaki au ibuprofeni mapema, na sindano ya ganzi pembeni mwa mlango wa kizazi. Kama hakuna anayeitaja, iulizie kwa upole. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu bado wapo wahudumu wanaoona maumivu kuwa adhabu anayostahili msichana. Hiyo ni kinyume na maadili ya kazi yetu. Mkikutana na matusi au kucheleweshwa kwa makusudi, muulizieni mganga mfawidhi wa kituo, muelezeni yeye. Kuhusu gharama, sera ya nchi ni kwamba huduma za mjamzito katika vituo vya serikali hazilipiwi. Mara nyingine mtaambiwa mnunue glavu au dawa zilizoisha. Mkishindwa kabisa, ombeni kumuona afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Je, aseme alichotumia? Umefanya vizuri kutomlazimisha. Mimba ikitoka yenyewe au kwa vidonge, matibabu ya mabaki ni yaleyale. Kati ya mimba 100 zinazojulikana, 10 hadi 20 hutoka zenyewe, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na kosa la mtu halimo. Lakini kama kuna kitu kiliingizwa ndani, kijiti cha muhogo kwa mfano, daktari lazima ajue, kwa sababu kizazi au utumbo unaweza kuwa umetobolewa, na anahitaji kinga ya pepopunda. Kama alikunywa dawa ya mizizi, bluu ya kufulia au vidonge vingi vya aina yoyote, figo na ini zinatakiwa kuangaliwa. Mwambie aseme kilichoingia mwilini mwake. Jina la aliyempa, mahali alipokipata na nani alikuwepo si maswali ya matibabu, wala halazimiki kuyajibu pale kitandani. Ni vema aongee na daktari wewe ukiwa nje ya pazia kama anakuonea haya.

Sasa sheria, na hapa nitakuwa muwazi pande zote. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo msingi wake ni sheria ya mkoloni ya mwaka 1945, ina vifungu vitatu. Cha 150 kinamhusu anayemtoa mwanamke mimba: hadi miaka 14 jela. Cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe: hadi miaka 7. Cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumika hivyo: hadi miaka 3. Viwili vya kwanza vimejengwa juu ya neno moja, *nia*, na cha tatu juu ya *kujua*, na upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuyathibitisha hayo. Halafu kuna kifungu cha 230, ambacho watu hawakitaji kabisa: anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi, ili kuokoa maisha ya mama, hana hatia.

Angalia ni nini hakimo katika vifungu hivyo. Hakuna panaposema kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeshaharibika ni kosa. Huduma baada ya mimba kuharibika imo katika miongozo ya Wizara ya Afya, watumishi wanafundishwa kuitoa, na pampu ile imenunuliwa kwa ajili yake. Tena PF3 haihitajiki. Fomu ile ni ya polisi kwa majeruhi wa kupigwa, wa ajali na mengine ya jinai. Kama mimba iliharibika kwa sababu alipigwa, PF3 itakuwa na maana kwa kesi ya aliyempiga, lakini hata hapo matibabu yanatangulia.

Siwezi kukuahidi kwamba hakuna mtu atakayeuliza swali, kwa kuwa vifungu vipo na polisi wana uwezo wa kuvitumia. Ikitokea, mdogo wako ana haki ya kuambiwa sababu ya kuhojiwa na ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawawezesha wasio na uwezo kupata msaada bila malipo, na hapa Mwanza shirika la Kivulini limefanya kazi ya haki za wanawake kwa miaka mingi. Mtu yeyote, wa hospitali au wa nje, akikudai hela "ili mambo yaishe hapa", hiyo ni rushwa: namba ya TAKUKURU ni 113, bure. Lakini pima mizani hii kwa utulivu, dada. Upande mmoja kuna uwezekano wa maswali, ambayo yana majibu na yana wakili. Upande wa pili kuna maambukizi yanayopanda sasa hivi, na hayo hayana rufaa.

Kuhusu Marekani, jirani amechanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta uamuzi wa mwaka 1973 uliolinda haki ya kutoa mimba nchini kote, na tangu hapo kila jimbo lina sheria yake. Hukumu hiyo haina nguvu hata chembe Tanzania. Sheria yetu ilikuwa kali kabla ya hapo na haijabadilika kwa sababu yake. Kinachotufikia kutoka kule ni fedha. Mwaka 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa, miradi mingi ya uzazi wa mpango iliyoitegemea iliyumba, na mwanamke anayekosa kijiti cha uzazi wa mpango leo ndiye atakayekuja kuuliza swali kama lako mwakani.

Na hapa kwetu? Mjadala upo, ingawa mara nyingi unasemwa kwa kunong'ona. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007. Ibara ya 14 ya itifaki hiyo inazitaka nchi ziruhusu utoaji mimba kwa njia ya kitabibu pale mimba inapotokana na kubakwa au kujamiiana kwa maharimu, au inapohatarisha afya ya akili au ya mwili ya mama, au maisha ya mama au ya kijusi. Kenya na Uganda ziliweka pingamizi kwenye kipengele hicho. Sisi hatukuweka, ila pia hatukukiingiza kwenye Kanuni ya Adhabu. Kenya, pamoja na pingamizi lake, ina Ibara ya 26 ya Katiba ya 2010 inayoruhusu pale mtaalamu anapoona maisha au afya ya mama iko hatarini. Kwa hiyo unayoyasikia kwenye redio za Kisumu si lazima yawe sheria ya Mwanza, ingawa ziwa ni moja.

Wanaotaka sheria ibaki ilivyo wanasema uhai unaanza tumboni na serikali ina wajibu wa kuulinda. Ni imani ya Wakristo na Waislamu wengi wa kanda hii, nami siidharau. Wanaotaka ibadilishwe wanataja hesabu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2013 ulikadiria mimba 405,000 zilitolewa nchini mwaka ule chini ya sheria hiihii, sawa na 36 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa kuzaa. Kanda ya Ziwa iliongoza: 51 kwa 1,000, wakati Zanzibar ilikuwa 11. Wanawake 66,600 walitibiwa madhara yake vituoni. Karibu 100,000 wengine walipata madhara na hawakutibiwa. Hao ndio wanaoninyima usingizi mimi. Mtu anaweza kupinga utoaji mimba kwa moyo wake wote na bado akakubali kwamba hakuna dini inayotaka mwanamke afe chumbani Kayenze kwa kuogopa fomu ambayo hata haihitajiki.

Maoni yangu, na nayasema kama maoni: udhaifu mkubwa wa kifungu cha 230 ni kwamba kinataja maisha bila kueleza hatari ifike wapi ndipo mtu aguswe. Daktari wa wilayani mwenye mgonjwa wa kifafa cha mimba, au ambaye chupa imepasuka wiki ya 17 na homa imeanza, anajikuta anasubiri mgonjwa azidiwe ili asiwe na maswali ya kujibu. Mwongozo wa wazi kuhusu hali hizo ungeokoa watu hata kama hakuna neno lingine la sheria lililobadilishwa.

Maneno ya majukwaani nayo yana athari zake. Septemba 2018, mkoani Simiyu, rais wa wakati ule, John Magufuli, aliwaambia wanawake waachane na uzazi wa mpango, na mwezi huohuo matangazo ya uzazi wa mpango yakasimamishwa. Huduma yenyewe haikufutwa, lakini wengi walidhani imefutwa. Ipo. Nakutajia kwa sababu mdogo wako ataihitaji haraka kuliko mnavyofikiri: baada ya mimba changa kutoka, yai linaweza kupevuka tena ndani ya siku 10 hivi, kabla hata hajaona hedhi. Kabla ya kuruhusiwa aulizwe, na kama anataka apewe hapohapo. Sindano inakaa miezi mitatu, vijiti miaka mitatu au mitano kutegemea aina, vidonge vya majira ni kila siku. Kitanzi cha shaba kinakaa zaidi ya miaka 10, ila kwake kisubiri hadi maambukizi yaishe kabisa. Hahitaji barua wala ruhusa ya mwanamume yeyote. Akikataa pia ni haki yake, wala asitibiwe kwa sharti la kukubali njia.

Akirudi nyumbani, damu kidogo itaendelea kwa wiki moja hadi mbili, ikipungua siku hadi siku. Amalize dozi yote ya antibayotiki hata akijisikia mzima, asikutane na mwanamume wala kuingiza chochote ukeni hadi damu ikate, na asirudi kubeba ndoo za dagaa kwa wiki ya kwanza. Anywe vidonge vya FEFO, vile vya kuongeza damu, kila siku kama atakavyoelekezwa, ale hao dagaa, maini na mchicha, na chai aiweke mbali na chakula walau saa moja, kwa sababu majani ya chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Homa ikirudi, damu ikiongezeka badala ya kupungua, au harufu ikianza, rudini siku hiyohiyo. Na akilia sana, akikosa usingizi au akisema hataki kuishi, hiyo nayo ni sababu ya kurudi.

Mkitoka sasa hivi, beba dawa alizopewa dukani pamoja na paketi zake, kadi ya kliniki kama alikuwa nayo, khanga mbili safi na pedi. Asile kitu kizito njiani, huenda akahitaji usingizi wa dawa. Na mpigie ndugu mmoja mwenye afya awe tayari kuja kuchangia damu.